Koko kwa Herufi Kubwa

Siku mliponiaga mlinipa keki na saa ya ukutani. Keki niliila. Saa sijajua mpaka leo ni ya nini, maana mtu akistaafu ndipo hana tena haja nayo, lakini nimeitundika sebuleni na inakwenda. Wiki iliyopita binti aliyerithi kiti changu akanipigia simu. Shahidi akisema neno lenye maana mbili, aliuliza, mkalimani afuate ipi? Nikamwambia hilo jibu lake refu, acha niliandike. Na wengine wenu msome, hasa nyinyi mnaodhani ukalimani wa mahakamani ni kujua Kiingereza.

Kwa msionijua, mimi ni Kadzo wa Kaloleni. Nimesimama kando ya kizimba cha mashahidi hapa kisiwani Mombasa tangu nikiwa msichana hadi mvi ziliponipata. Shahidi akisema Kiswahili, Kigiriama au Kiduruma, mimi namwambia hakimu kwa Kiingereza. Hakimu akiuliza kwa Kiingereza, namrudishia shahidi kwa lugha yake. Vyeo sitavitaja, kwa sababu havikuwa vya kutajwa.

Siku ya kwanza nilikwenda kazini na viatu vya kisigino. Aliyenipokea ni Mzee Athumani, mkalimani mkuu wakati huo, mtu wa Mji wa Kale aliyevaa tai siku zote isipokuwa Ijumaa, siku ya kanzu. Aliniangalia miguu kabla ya kuniangalia uso. "Mwanangu," akasema, "hapa hakuna kukaa. Hivyo ni viatu vya harusi." Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimemwelewa vizuri sana.

Kesi ya siku hiyo ilikuwa ya majirani wawili waliogombania kamba ya kuanikia nguo. Mlalamikaji akasema mwenzake alimtukana matusi ya nguoni. Hakimu akataka kuyasikia, moja baada ya jingine, ili ayaandike. Mimi nimelelewa katika kwaya. Nikamtazama Mzee Athumani nikitaka aniokoe, naye akaniinamia sikioni: "Matusi si yako, ni ya shahidi. Wewe ni bomba tu. Yapitishe." Basi nikayapitisha yote, kwa Kiingereza cha shule ya misheni, nikiwa nimefumba jicho moja. Hakimu aliniomba nirudie moja kwa ajili ya tahajia.

Vifaa vya kazi hii ni vichache na havitolewi na serikali. Viatu bapa. Punje za karafuu mfukoni, za kulainisha koo, na pia za kukuzuia usiseme lako pale wakili anapokuudhi, maana mtu mwenye karafuu kinywani hufikiri kwanza. Msahafu na Biblia vya kiapo, kila kimoja na kitambaa chake, na Msahafu ashikishwe Mwislamu aliye na udhu, msije mkaanza kesi kwa kosa lenu wenyewe. Kamusi pia, ukipenda. Mzee Athumani alikuwa nayo moja kubwa, na aliitumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo.

Lakini alichonipa cha maana ni hiki. Alisema neno likija na miguu miwili usiukate hata mmoja. Simama, omba ruhusa, mwulize mwenye neno. Chukueni "mkono" tu. Kiswahili kinauhesabu mmoja kutoka begani hadi kwenye kucha, Kiingereza kinaugawa vipande viwili, kila kimoja na jina lake. Nimeona mawakili wawili wazima wakirushiana maneno asubuhi nzima juu ya jeraha lililokuwa kiwikoni, na shahidi mwenyewe amekaa hapo na bendeji, hakuna aliyemwambia aonyeshe. Niliposimama kuomba ruhusa nimwulize, walinikasirikia wote wawili. Mahakimu nao hawapendi kukatizwa. Katizeni.

Sasa nije kwa Koko.

Maalim Twahir ni fundi wa milango ya nakshi kule Mji wa Kale. Asubuhi huchonga, alasiri husomesha watoto Kur'ani, na msikitini nafasi yake ni safu ya kwanza, upande wa kulia, haikaliwi na mtu mwingine hata akichelewa. Mkewe alifariki, watoto wako ng'ambo. Baada ya msiba ule mbwa mmoja wa rangi ya mchanga, sikio moja limekunjika, alianza kuingia karakanani na kulala juu ya maranda, yale magamba laini ya mbao yanayotoka kwenye randa. Maalim akimfukuza. "Koko, toka." Mbwa akitoka, akirudi. Akafukuzwa kwa neno hilo mpaka akalizoea, ikawa ukimwambia koko anakuja badala ya kuondoka. Jina likakaa.

Kwa wasomaji wa bara niseme hivi. Mbwa koko ni mbwa asiye na mwenyewe, wa majalalani. Na kwa Waislamu wa kwetu pwani mate ya mbwa ni najisi, na mzee wa safu ya kwanza anayefuga mbwa atasemwa hata na wasiosali. Kwa hiyo Maalim hakufuga mbwa. Mbwa alilala kwake, alikula kwake, alimsindikiza hadi kona ya msikiti na kumngoja hapo, lakini ukimuuliza Maalim, atakwambia, "Huyo? Huyo si wa mtu."

Basi kukawa na malalamiko kwamba mbwa wamezidi kule ufukweni Mama Ngina, jioni watu wakila mihogo wanatazamwa mdomoni. Mji ukatoa askari wenye nyavu. Na kwa kuwa kule Mama Ngina mbwa walikuwa wepesi, askari wakaja kuwatafuta Mji wa Kale, ambako vichochoro ni vyembamba na mbwa ni wazito. Afisa wao aliitwa Mutiso, mtu wa bara, mpole, anayefuata maagizo. Akamkuta Koko amelala mlangoni pa karakana. Akauliza majirani mbwa ni wa nani. Akauliza na Maalim. Dakika chache baadaye Koko alikuwa ndani ya gari.

Maalim alijikaza siku moja, halafu akafunga karakana, akanunua mifupa, akaenda mpaka kwenye banda la mbwa kule Shimanzi, nyuma ya maghala. Mutiso akamwuliza langoni, "Mzee, hii mbwa ni yako?" Lingekuwa jambo la neno moja. Lakini kwenye ghala la jirani walikuwapo wapakuzi wawili wanaosali naye, nao wakamwona, wakaja kumpa mkono. Shikamoo Maalim, marahaba, habari za nyumbani, njema, wapi huku? Na Mutiso bado anangoja jibu lake. Maalim akasema amekuja kuangalia tu.

"Basi huyu hana mtu," akasema Mutiso. "Atalazwa Ijumaa."

"Alhamdulillahi," akasema Maalim. Akampa Mutiso ile mifupa, akamwombea dua, akarudi nyumbani amefurahi.

Haya nilisimuliwa na Rukia. Rukia ni wakili, binti wa kaka yake Maalim, kwa hiyo humwita ami. Alasiri ile alipita kumjulia hali, akakuta ameandaliwa chai na mahamri, na ami yake anaisifu serikali. Alisema siku hizi mambo yamebadilika sana, hata mbwa wanatibiwa. Koko alikuwa na kikohozi cha vumbi la mbao, na sasa atalazwa.

Rukia akaweka kikombe chini. "Ami, kulazwa vipi?"

"Kulazwa, mama. Vile mtu anavyolazwa hospitali."

"Ami, hawa wakisema mbwa analazwa, haamki."

Maalim akauliza, Ijumaa hiyo kabla ya sala au baada ya sala? Rukia aliniambia hakuwahi kumwona ami yake akilia, hata siku ya mazishi ya mkewe. Siku ile alilia mbele ya sahani ya mahamri, kwa sauti, na mlango uko wazi. Na akilia alikuwa akirudia kwamba alimwombea dua yule askari.

Rukia akakimbilia mahakamani, akapata zuio: mbwa asiguswe mpaka kesi isikizwe. Na kesi ikaletwa kwetu. Swali lilikuwa moja tu, ana mwenyewe au hana? Akiwa naye, arudi kwake. Akiwa hana, alazwe.

Nilipofika asubuhi hiyo nilikuta benchi za nyuma zimejaa. Safu ya kwanza nzima ya ule msikiti ilikuwapo, kanzu nyeupe, kofia za vito, zile za kudariziwa kwa mkono, wamekaa kwa mpangilio uleule wa msikitini. Maalim alipowaona alikunjika kama mwavuli. Alidhani wamekuja kumshuhudia akiaibika. Nami nilidhani hivyohivyo, sitawaficha.

Hakimu wetu alikuwa mama mmoja wa bara, mwenye haki na mwenye haraka. Kiswahili alikijua, lakini mwenendo wa kesi aliuandika kwa Kiingereza, na hakutaka neno limfikie bila kupita kwangu. Wakili wa mji alikuwa kijana wa suti iliyombana, aliyekuwa na hakika na jambo lake kuliko mji wenyewe ulivyokuwa.

Akaanza Mutiso. "Niliuliza watu ya hapo, hii mbwa ni ya nani. Mama mmoja wa mahamri akaniambia haina mwenyewe, hii ni koko tu. Nikauliza na huyu mzee. Akasema si ya mtu."

Nikafungua kinywa kutafsiri, nikasita. Rukia alikuwa keshasimama. Koko, alisema, ni jina la huyo mbwa. Wakili wa mji akacheka kwa adabu. Hakimu akanigeukia: neno lililosemwa ni lipi?

Nikamweleza. Kwenye karatasi, Mheshimiwa, Koko kwa herufi kubwa ni jina, na koko kwa herufi ndogo ni mbwa wa jalalani. Lakini kwa mdomo herufi kubwa haisikiki. Neno lina miguu miwili, na kwa Kiingereza siwezi kulisimamisha mpaka niambiwe ni upi. Naomba aliyelisema aulizwe.

Wakili wa mji akasema mkalimani yupo kutafsiri, si kumtetea mbwa. Nilikuwa na jibu lake, tena zuri, lakini nilikuwa na karafuu. Hakimu akaandika kidogo, akasema huyo mama wa mahamri aitwe.

Hakuwa mbali. Bi Zuhura huuza mahamri na mbaazi kwenye baraza inayotazamana na karakana ya Maalim, na mji ndio uliomwita awe shahidi wake. Alipanda kizimbani na buibui lake na Kiswahili chake cha Mji wa Kale, akakigusa kile kizimba kama anayekagua meza ya kununua.

"Ulimwambia afisa kwamba mbwa huyu hana mwenyewe?" akauliza wakili wa mji.

"Nalimwambia."

"Kwa hiyo hana."

"Anaye."

Wakili akatazama karatasi zake. "Mbona ulisema hana?"

Bi Zuhura akamwangalia Maalim pale alipokaa. Maalim alikuwa anaangalia feni.

"Kwa adabu," akasema.

Hilo neno adabu, mabinti zangu, Kiingereza kinalo vipande vipande. Nikaomba nitumie maneno matatu badala ya moja, nikaruhusiwa. Wakili akauliza kama kumdanganya afisa ndiyo adabu.

"Mwanangu," akasema Bi Zuhura, "askari amekuya na wavu, watu wamejaa ndiani, yuwaniuliza kama Maalim wetu ana mbwa. Wataka nimvue nguo mzee wa watu mbele ya askari?"

Nikapitisha kama lilivyo. Hakimu akainua kichwa ghafla, ikabidi niombe ruhusa tena, Bi Zuhura aeleze kwamba kumvua mtu nguo ni kumtia aibu hadharani, na kwamba siku ile kila mtu alibaki na nguo zake. Hakimu akafuta alichokuwa ameanza kuandika.

"Na hilo koko?" akauliza wakili.

"Ndilo jina lake. Aitwa Koko. Ulitaka nimwite Abdalla?"

Benchi za nyuma zilikohoa. Wakili wa mji hakukata tamaa. Kama Maalim mwenyewe amekana, alisema, shahidi alijuaje kwamba mbwa ni wake?

"Udongo," akasema Bi Zuhura.

Akaona haeleweki, akaeleza, nami nikawa nampa hakimu pole pole. Mbwa akikulamba, au ukimshika akiwa majimaji, unajiosha pale mahali mara saba, na mara moja kati ya hizo iwe kwa udongo. Maalim ana ndoo ya udongo safi mlangoni pa karakana, imefunikwa kwa sinia, na kata ya maji kando yake. Imekaa hapo tangu mwaka alipofiwa. "Mtu hana mbwa," akasema, "udongo mlangoni wa nini? Wa kupanda mchicha?"

"Na mtaani wanajua?" akauliza wakili.

"Mtaa mzima wayua. Ile ndoo twaipita kila siku. Udongo ukipungua wanangu ndio huujaza, yeye adhani hauishi."

Maalim aligeuka akaitazama safu ya kwanza. Miaka yote ile alikuwa akiwaficha, na wao walikuwa wakimficha kwamba wanajua. Wazee wa watu wakainama wote kwa pamoja kuangalia makubadhi yao. Na adabu yao hiyo, ya kumsitiri mwenzao, ndiyo iliyompeleka Koko Shimanzi.

Zamu ya Maalim ikafika. Nikamwuliza kama ana udhu, akaitikia, nikampa Msahafu, akaapa. Mimi nimeapisha watu wengi. Wapo wanaoshika kitabu kama tiketi ya basi. Huyu alikishika mpaka nikaingiwa na hofu kwa niaba yake, maana nilijua lile jibu analotakiwa kulitoa.

Rukia alikuwa amempangia njia rahisi. Mbwa wa ulinzi, dini inamruhusu. Akisema ni wa ulinzi, hapo hapo amepata mbwa na heshima yake imebaki. Akamwuliza kwa upole kama mbwa huyu analinda karakana.

"La," akasema Maalim.

Rukia akasogea karibu na kizimba. "Hata kidogo, Ami? Samahani. Hata kidogo, Maalim?"

"Nimeapa, mama. Mwizi aliingia mwaka jana akachukua randa yangu nzuri. Koko alimsindikiza mpaka mwisho wa kichochoro."

Hata Mutiso alicheka. Wakili wa mji akadaka nafasi, akasimama. Si wa ulinzi, hana kibali, hana ukanda shingoni, mwenyewe alimkana mara mbili. Basi ni mbwa wa nini?

Nikamrudishia Maalim swali: ni mbwa wa nini? Hakimu akangoja. Feni ilikuwa inalia kwenye dari, na nyuma hakuna aliyekohoa tena.

"Wa kukaa naye," akasema Maalim. "Alipokuwapo mama watoto, nikimaliza mlango nalimwita aje auone. Akisema umekaa sawa ndipo niulaze. Alipoondoka hamna wa kuita. Nikawa namwambia huyu. Najua hajui milango."

Hapo nilimeza karafuu nzima. Nikaipitisha ile habari kwa hakimu mpaka mwisho, neno kwa neno, pamoja na hilo la kutojua milango, na sauti yangu haikuwa nzuri. Mzee Athumani angenikaripia. Labda asingenikaripia.

"Kwa hiyo ni wa nani?" akauliza hakimu, safari hii kwa Kiswahili, akasahau kunipitia.

Maalim akageuka kabisa. Hakumwangalia hakimu, aliwaangalia wenzake wa safu ya kwanza. "Wangu," akasema. "Koko ni wangu."

Mngedhani yameisha. Lakini wakili wa mji alikuwa kijana wa kulipwa kazi yake, na alisema jambo la maana. Leo kila mtu ana la kusema kuhusu jina, alisema. Kuna ushahidi gani kwamba mbwa mwenyewe analijua? Maana kama halijui, basi ni koko kama wenzake, na jina limetungwa hapa mahakamani. Hakimu akafikiri, akaangalia saa, akafunga faili. Mahakama ingekwenda Shimanzi kuangalia, mchana huohuo.

Nimekwenda na mahakama kuangalia mipaka ya mashamba, mitaro na ukuta mmoja uliodaiwa kuhama. Sijawahi kwenda kumhoji mbwa. Tulibanana kwenye gari la hakimu, mimi katikati na kitabu cha kiapo mapajani, tukakwama nyuma ya malori ya makontena kama raia wengine. Nyuma yetu walikuja majirani kwenye pikapu, wazee wamesimama, kofia wamezishika kwa mkono mmoja. Bi Zuhura alikaa mbele na kikapu.

Banda lilikuwa la waya, paa la mabati, na ndani yake mbwa wengi kuliko nilivyotarajia. Nusu yao walikuwa wa rangi ya mchanga. Waliokunjika sikio walikuwapo kadhaa. Jua lilikuwa kali na wote walikuwa wamelala kwenye kile kivuli kidogo, hakuna aliyetushughulikia. Kwa mara ya kwanza nilimwona Rukia ameogopa. Mbwa aliyekaa siku zote hizo kwa joto lile, pengine amekonda, pengine amekata tamaa, anaweza asiitikie hata akiitwa na malaika. Na asipoitikia, zuio linaondolewa.

Hakimu akataka watu wanyamaze. Akamwambia wakili wa mji aanze yeye, ili tujue kama mbwa hawa huamka kwa kila anayepiga kelele. Kijana akajisogeza kwenye waya, akarekebisha tai. "Koko," akaita. "Koko, Koko." Mbwa mmoja alifumbua jicho, akamwona, akalifumba.

Hakimu akamwashiria Maalim.

Maalim hakusogea hata kwenye waya. Alisimama pale alipokuwa, kati ya wenzake, akatazama chini kidogo. Akaita mara moja, kwa sauti ya mtu anayemwita wa chumba cha pili.

"Koko."

Walikuwa koko wote mle ndani. Akainuka mmoja.

Alikuja akiyumba, mkia umeanza kazi kabla ya miguu, akaupenyeza mdomo wake kwenye waya. Hapo Maalim akaenda. Wazee walimpisha. Akachuchumaa na kanzu yake nyeupe kwenye vumbi la Shimanzi, akatia vidole ndani, na Koko akavilamba vyote, mbele ya hakimu, mbele ya mji, mbele ya safu ya kwanza nzima. Maalim alikuwa anasema naye chinichini. Hakimu hakuniomba nitafsiri, nami sikujitolea.

Halafu nikasikia kikapu kinafunguliwa. Bi Zuhura akatoa mfuko wa udongo. Imamu wa msikiti wao, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akakunja mikono ya kanzu yake, akapokea jagi la maji kutoka humohumo kikapuni. Wakamsogelea Maalim pale alipochuchumaa. Bi Zuhura akamtilia udongo viganjani, imamu akammiminia maji, na wengine wakasimama kuzunguka wakihesabu kwa sauti, moya, mbili, tatu, vile watu wanavyohesabu kazi ya kila siku.

Hakimu alitazama, kalamu iko hewani. Akanigeukia. Wanafanya nini hao?

Nilimjibu kwa Kiingereza kilichonyooka, bila kuongeza na bila kupunguza. Wanamwosha mwenye mbwa, Mheshimiwa.

Akaniangalia kidogo. Akaandika. Nilichungulia, maana kuchungulia nako ni sehemu ya kazi, nikaona amemwandika Koko kwa herufi kubwa.

Wakati huo walikuwa wamefika sita. Imamu akainua jagi kwa ile ya mwisho, na Koko, aliyeona mkono wa Maalim uko karibu, akapitisha ulimi kwenye waya akaulamba tena, kuanzia kwenye kiganja hadi kwenye saa ya mkononi.

Bi Zuhura akashusha pumzi, akafungua tena mfuko wa udongo.

"Haya," akasema. "Tuanzeni upya."

Mahakama ikangoja.